Wazo Lililonijia Matangani

Wanangu mlioingia karakana baada yangu, kila mnaponikuta njiani mnaniuliza suali lile lile. Yale mawazo, Mzee Hamad, ulikuwa ukiyapata wapi? Juzi mmoja wenu alinisimamisha mlangoni mwa soko la mjini Chake, jua limewaka, nami na samaki wangu mkononi, akanambia, "Mzee wangu, nakaa na kazi mpaka kichwa kinakuwa kizito kama kinu. Sioni kitu. Nyinyi mlikuwa mkifanya nini?"

Nikamjibu, "Subira tu, mwanangu," nikaondoka kwa sababu samaki alikuwa ananiharibikia. Nilipofika nyumbani jibu lile likanikera. Subira peke yake si jibu. Ng'ombe naye ana subira, na hajabuni kitu. Kwa hivyo leo nimekaa niwape jibu la haki, kadiri nilijualo.

Nilikuwa fundi wa miguu ya bandia. Baba yangu alikuwa seremala, nami nilifika pale karakana mara ya kwanza kutengeneza mlango uliokuwa haufungi. Nilipomaliza, Mzee Khatib, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana, aliupapasa mlango kwa kiganja, akaufunga, akaufungua, akaniuliza kama najua kutengeneza kitu cha kukaa mwilini mwa mtu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Vizuri. Wanaojua wananisumbua." Sikutoka tena mpaka nilipostaafu.

Kisiwa chetu kinatoa kazi hii kwa wingi, Mwenyezi Mungu atustiri. Msimu wa karafuu watu wanaanguka mitini. Pikipiki zinaangusha vijana. Na kisukari kinakata miguu ya watu wazima kimya kimya, kuliko miti na pikipiki pamoja. Mtu akikatwa chini ya goti hubakiwa na kigutu. Kigutu kinaingia katika soketi, kile kikombe cha plastiki tunachokitengeneza kwa kipimo chake. Chini ya soketi kuna bomba la chuma chepesi, na chini ya bomba kuna unyayo. Basi. Ukimweleza mtu mguu wa bandia kwa maneno, unaisha kwa pumzi moja. Ukimvisha, ndipo unapoanza.

Nilipokuwa bado mgeni, alikuja mzee mmoja wa kisiwa cha Fundo, mvuvi, analalamika kuwa soketi inamkata nyuma ya goti. Nikaupima mguu, nikaulainisha, nikampa. Akarudi. Nikaulainisha tena. Akarudi tena, safari hii na damu. Niliuweka mguu ule juu ya meza nikaukodolea macho asubuhi nzima. Mzee Khatib akaja, akauchukua, akautia kabatini, akafunga kwa ufunguo.

"Bwana wee, nitafanyaje kazi?" nikamuuliza.

"Nenda kakae na mwenye mguu," akanambia. "Huu hauna la kukwambia. Ungekuwa nalo ungeshasema."

Nikaenda kukaa na yule mzee barazani. Tukazungumza habari za Fundo, za wajukuu, za samaki, changu na pono. Chakula kikaletwa, tukakaa mkekani. Yeye akakunja mguu wake mzima, kisha akalikunja goti la kigutu juu yake, kama sote tunavyokaa, kidonda cha nyuma ya goti kikabanwa, na uso ukamkunjika kidogo. Hapo hapo nikajua. Mguu ule ulichongwa kwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Ukingo wa nyuma ulikuwa juu mno kwa mtu anayekula chini, anayesali, anayekaa na wenziwe mkekani tangu alipozaliwa. Nilikuwa na tonge mkononi na nikalisahau. Nilirudi nikaupunguza ule ukingo, na damu ikakoma.

Siku ile nilidhani nimejua siri yote. Nilidhani wazo ni kitu cha kukaa na mtu, ukala naye, likaja. Ilinichukua muda kujua kwamba mambo si mepesi hivyo, na aliyenifunza ni Bi Raya wa kijiji cha Vitongoji.

Bi Raya alikuwa mkulima wa mwani. Mtu mrefu, mwembamba, sauti yake unaisikia kabla hujamuona. Alikuwa pwani siku moja maji yamekupwa, akachomwa na mwiba wa taa, yule samaki mpana anayejifukia mchangani. Kidonda kikakataa kupona, kwani alikuwa na kisukari na mwenyewe hajui. Mwisho wake mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alipoletwa karakana na binti yake, Zuwena, hakuuliza kama ataweza kutembea. Aliuliza ataanza lini.

Nilimtengenezea mguu mzuri. Nasema mzuri kwa sababu ulikuwa mzuri. Kwa siku chache tu alikuwa anapanda ngazi za karakana bila ya kushika ukuta. Nikamwambia, "Bi Raya, mguu huu ni wa nchi kavu. Topeni usiende nao." Akaitikia kwa kichwa, nami nikaridhika, maana nilikuwa bado sijamjua.

Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, akaenda pwani.

Habari hii alinisimulia Zuwena. Kule kwao, kabla ya kufika kwenye mchanga wenye mashamba ya mwani, lazima uvuke ukanda wa tope, mweusi, laini. Wenye miguu miwili hulivuka huku wanazungumza. Bi Raya alilivuka kwa shida wakati wa kwenda, akafika, akafanya kazi mpaka maji yakaanza kurudi. Wakati wa kutoka, katikati ya tope, mguu wa bandia ukazama na haukutoka. Kila akiuvuta, soketi inataka kuchomoka kwenye kigutu lakini unyayo haungoki. Maji yakafika gotini. Wenzake walikuwa wamekwisha tangulia, ila Zuwena.

"Mama, vua mguu!"

"Sivui. Nikiuacha hapa ntautoa wapi mwengine?"

"Mama, maji hayo!"

"Nayaona. Si kipofu miye."

Maji yakafika kiunoni. Zuwena akachutama, akaingiza kichwa chini ya maji, akafungua mikanda inayoushika mguu kwa kupapasa, huku mama yake anampiga mgongoni amwache. Akamwita mwenzao mmoja aliyekwisha fika ukingoni, wakambeba baina yao. Mguu ukabaki topeni. Waliporudi maji yalipokupwa tena, hawakuuona. Mpaka leo uko huko.

Wiki iliyofuata Bi Raya alikuja karakana kwa magongo. Alikaa mbele yangu, na picha ya maji kiunoni ilikuwa haijanitoka. Nikaanza kumwambia kwamba labda sasa Zuwena ashike shamba, yeye apumzike, aanike tu mwani nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, sauti yake ikiwa chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue:

"Fundi, weye ulinipa mguu wa kwendea harusini. Nakushukuru, na Mungu akulipe. Lakini miye kule pwani ndiko ninakoitwa Bi Raya. Nyumbani naitwa mgonjwa. Nataka mguu wa kwendea tope."

Sikuwahi kuona mguu wa namna hiyo. Nikamuahidi kwamba nitautafuta, na mtu akishatoa ahadi ya namna ile usingizi wake haumtoshi tena.

Wazo la kwanza lilikuja haraka. Nilikuwa nyuma ya soko, mvua imepita, nikawaona mabata wanatembea juu ya tope kana kwamba wako sebuleni. Miguu yao mipana! Nikasikia kitu kinaniruka kifuani. Nawaambia, furaha ile haina mfano. Niliacha nilichokwenda kununua, nikarudi mbio karakana, nikakata unyayo mpana kama sinia ndogo. Wenzangu wakanipongeza. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza.

Tukaenda Vitongoji kuujaribu. Bi Raya akaukanyaga, na kweli haukuzama sana. Akanitazama akacheka. Kisha akataka kunyanyua hatua ya pili. Unyayo ule ulikuwa umeng'ang'ania tope kwa upana wake wote. Akavuta, ukakataa. Akavuta kwa nguvu, akaanguka kifudifudi, uso mzima topeni. Zuwena akamwinua, akamfuta macho kwa ncha ya kanga. Bi Raya akatema tope, akasema, "Fundi, hichi si kiatu. Hii nanga."

Wanawake waliokuwa pwani walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini njiani kurudi Chake sikuweza kuzungumza na dereva. Kumbukeni hapa, wanangu. Wazo la mabata lilinijia kwa kishindo kile kile, kwa furaha ile ile kama la kweli. Moyo ukiruka haumaanishi kwamba umepata. Unamaanisha kwamba sasa una kitu cha kwenda kukijaribu, na ukijaribu mapema. Nimewaona mafundi hodari waliolipenda wazo lao kwa sababu ya namna lilivyokuja, wakamlazimisha mgonjwa alivae mpaka akachubuka. Msiwe hao.

Mzee Khatib alikuwa amekwisha staafu, macho yake hayaoni vizuri, lakini nilikwenda kwake. Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu.

"Wewe mwenyewe umeshatia mguu wako humo?"

Sikuwa nimetia. Nilikuwa nimesimama ukingoni, viatu vyangu mkononi, nikitoa maagizo.

Nikaenda tena Vitongoji, safari hii nikakunja suruali nikaingia. Zuwena akaniongoza. Hatua ya tatu nikakwama. Nilivuta mguu wangu mzima, wenye vidole na kifundo, na tope likaushika kama mtu anayekataa usiondoke. Nikahisi mahali hasa linaposhika: si pembeni, ni chini, chini ya unyayo, kama mdomo unaofyonza. Nikamtazama Zuwena anavyotembea. Kila akitaka kunyanyua mguu, kisigino kilikuwa kinazunguka kidogo, kisha mguu unatoka bila ya taabu.

"Unafanyaje hapo?" nikamuuliza.

"Hapo wapi?"

"Hicho kisigino unachokizungusha."

Akajitazama miguuni, akacheka. "Wallahi sijui kama nafanya hivyo. Mguu wenyewe tu."

Nilishinda pale mpaka maji yalipotufukuza. Nilirudi na mengi: mfyonzo ule wa chini, kisigino kinachozunguka, sauti ya tope linapoachia, ile *plop* kama kizibo. Nilikuwa nimejaa. Jibu nilikuwa sina. Unyayo wa bandia hauzunguki kisigino, na nilijaribu kutia kifundo cha kuzunguka, kikaingia mchanga kikafa. Nilijaribu unyayo mwembamba kama kigingi, ukazama mpaka kwenye soketi. Nikajaribu mambo mengine ambayo sitayataja, kwani mengine ni ya kuchekesha na mimi bado nina heshima zangu mjini.

Siku zikapita. Nikawa mkali nyumbani. Nikawa namsikia mke wangu anazungumza na nisielewe anasema nini. Mwisho nikampigia simu Bi Raya nikamwambia sijapata kitu, na sijui kama nitapata.

"Haya," akasema. "Basi nangoja."

Hakulaumu wala hakubembeleza. Neno lile lilinilemea kuliko kama angenitukana.

Katika hali hiyo ndipo dada yangu alipofariki.

Dada yangu Bimkubwa ndiye aliyenilea. Mama alikwenda mbele ya haki nikiwa mdogo sana, na yeye, ambaye alikuwa msichana tu, akanibeba, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akanifunza kukaa na watu. Aliumwa kwa muda mfupi. Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri, na kuanzia hapo sikufikiri kuhusu mguu wowote. Sitaki mdhani kwamba nilikuwa nafikiri kwa siri. Sikufikiri. Nilikaa na wanaume wenzangu nje, nikapokea mikono ya watu, nikaitikia dua, nikanywa kahawa ninayopewa. Kichwa kilikuwa kitupu na kifua kimekauka. Sikulia. Watu walinisifu kwa ustahamilivu, na mimi nikajua si ustahamilivu, ni kwamba kitu kimefunga ndani na hakitoki.

Siku ya hitma, ile ya kumsomea marehemu Kurani, baada ya sala ya alasiri, nikaona siwezi kukaa tena. Nikaenda uani walikokuwa wanapika. Mpishi alikuwa Mzee Faki, jirani yetu, mtu wa masufuria makubwa, misiba yote na harusi zote za mtaa ule zimepita mikononi mwake. Alikuwa anakaanga vitunguu na kijasho kinamtoka.

"Hamad, kaa ndani mwanangu, weye ndiye mfiwa."

"Nipe kazi, Mzee Faki. Nakuomba."

Akanitazama, akaelewa. "Haya, nimiminie mafuta. Dumu lile."

Nikalinyanyua dumu la njano, limejaa, nikaliinamisha juu ya sufuria. Mafuta yakatoka kwa kukwama: yanatoka, yanakatika, dumu linakoroma, linavuta ndani, yanaruka tena. Yakanirukia mkononi. Mzee Faki akasema, "Ngoja, ngoja, utaniunguza." Akachukua kisu chake, ncha yake akaitia motoni, akatoboa tundu dogo upande wa juu wa dumu, nyuma kabisa. "Haya, mimina."

Mafuta yakatoka mfululizo, laini, kama uzi. Dumu likanyamaza.

"Lilikuwa linataka hewa tu," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake. "Hakitoki kitu humo mpaka kingine kiingie."

Nikabaki nimesimama na dumu mkononi. Nikaliona tope. Nikakiona kisigino cha Zuwena kinazunguka, na nikajua kwa nini: alikuwa anafungua njia, maji na hewa vipite chini ya unyayo. Tope halikuwa limeshika mguu. Chini yake palikuwa hapana kitu, na pasipokuwa na kitu ndipo panapofyonza. Kisha nikauona mguu wa Bi Raya, na ndani ya mguu ule nikaliona bomba. Bomba! Tangu siku ya kwanza liko wazi ndani, tupu, linaanzia chini ya goti linaishia kwenye unyayo. Hewa ingeweza kushuka humo mpaka chini kabisa. Njia ilikuwapo miaka yote, imezibwa juu na chini, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naiziba kila siku kwa mikono yangu kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofunzwa.

"Hamad, yatosha! Yatosha mafuta!"

Nikaliweka dumu chini. Na hapo hapo, mbele ya Mzee Faki na wasaidizi wake, nikalia. Nililia kwa sauti. Wakanishika, wakanikalisha juu ya kinu kilicholazwa, wakaniambia nimuombee dada, sote njia yetu moja. Nao hawakukosea, nilikuwa namlilia dada yangu. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na furaha pia, na sikuweza kuitenganisha moja na nyengine, na niliona haya. Mtu gani huyu anafurahi matangani? Nimefikiri sana juu ya jambo hilo miaka iliyofuata. Siku hizi sioni haya tena. Naamini dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa kisu na kijiti nichonge, asingeniona mbaya.

Basi mkiniuliza wazo linatoka wapi, hilo ndilo ninaloweza kuwaambia kwa uhakika. Halikutoka kwenye dumu. Mafuta nimeyaona yakimiminwa tangu utoto wangu, na watu wote mjini wameyaona. Lilitoka kwa sababu nilikuwa nimelijua tope kwa mguu wangu, na kwa sababu nilikuwa nimeshindwa mara nyingi kiasi cha kujua kila mlango usiofunguka, kisha nikaacha. Nikaacha kweli, si kwa ujanja, bali kwa kuwa msiba ulinilazimisha. Na siwaombei misiba. Nawaombea muwe na saa fulani katika siku ambayo mikono inafanya kazi ndogo na kichwa hakijapewa amri. Piga msasa. Osha vyombo nyumbani, mkeo hatakataa. Nenda kwa miguu mpaka msikiti wa mbali badala ya ule wa karibu.

Nawaona pale karakana, na sisemi kwa kuwatia aibu. Plasta ya kupimia kigutu ikiwa inakauka, kila mmoja anatoa simu. Nyinyi hamjui tulikuwa tunafanya nini wakati plasta inakauka. Hatukuwa tunafanya kitu. Tulikuwa tunaitazama inakauka. Mengi ya yale mnayoyasifu yalikuja wakati ule.

Na jambo jengine: nilipopata, sikumkimbilia Bi Raya. Mabata walikuwa wamenifunza. Nilimaliza matanga, kisha nikaenda kwa Mzee Khatib, nikamweleza, moyo wangu unapiga. Akafumba macho yake yasiyoona vizuri.

"Ni zuri," akasema. "Na tope likiziba tundu la chini?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilitaka kukasirika. Nikanywa chai yangu, nikarudi karakana, nikatoboa bomba juu, chini ya soketi, na chini katikati ya unyayo, nikaenda kulijaribu kwenye ndoo ya tope. Tundu likaziba mara ya kwanza tu nilipokandamiza. Mzee Khatib hata hakuhitaji kuliona.

Wazo lilikuja kwa muda wa kumimina mafuta, lakini kulifanya liwe mguu kulichukua wiki nyingi. Tulitia kitambaa, kikaoza. Tulitia wavu, ukajaa. Kilichokubali ni kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kimeshonwa upande mmoja tu chini ya unyayo. Ukikanyaga, tope linakisukuma kinaziba tundu. Ukinyanyua, kinafunguka, hewa inateremka kutoka juu, na tope linaachia. Mwenzangu mmoja wa karakana ndiye aliyeleta kile kipande, si mimi. Bila ya yeye wazo langu lingekufa ndani ya ndoo.

Nikampigia simu Bi Raya. "Bado unangoja?"

"Weye ulidhani nimekwenda wapi?"

Tulikwenda Vitongoji siku maji yalipokupwa vizuri. Sikusimama ukingoni. Nilikunja suruali nikaingia mbele yake, Zuwena akawa nyuma na kamba mkononi, kwani tulikubaliana kuwa hatutaki mchezo. Wanawake wengine waliacha kazi zao wakatutazama. Hakuna aliyecheka safari ile, walijua yaliyompata.

Bi Raya akakanyaga. Mguu ukazama mpaka karibu na kifundo, ukasimama. Akauvuta. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia: bomba likavuta pumzi, *fuuu*, kama mtu aliyechoka anapokaa kitako, kisha unyayo ukatoka.  Akatia hatua nyengine. *Fuuu.* Nyengine. Midomo yake ilikuwa inatembea, anasoma kitu kimya kimya. Katikati ya ukanda ule, pale pale ulipobaki mguu wa kwanza, akasimama, na mimi nikanyoosha mkono. Hakuushika. Alivuta pumzi mwenyewe, akauvuka.

Alipofika kwenye mchanga mgumu mmoja wa wale wanawake akapiga vigelegele, na mwengine akasema, "Jamani, mguu wa Bi Raya unapumua!" Hapo ndipo walipocheka. Zuwena aliiacha kamba ikaanguka majini, akafunika uso kwa kanga.

Bi Raya hakugeuka kuwatazama. Alikuwa amekwisha fika kwenye kamba zake za shamba, zimelegea, baadhi ya mwani umekatika kwa kukosa mtu wa kuuangalia. Akainama, akakaza fundo moja, akaguna, akakaza la pili. Mimi nilikuwa nimemfuata nyuma nyuma na macho yangu yako kwenye ule mpira, nataka kuona kama unashika, nataka kumuuliza kigutu kinamuuma wapi, nataka, niseme kweli, aniambie neno. Nilikaa pale muda mrefu, nimesimama katikati ya shamba lake kama kigingi.

Mwisho aliinua kichwa, akanitazama miguuni, na ile sauti yake ikarudi, mpaka waliokuwa mbali wakageuka.

"Fundi, hebu ondoka hapo. Unanikanyagia mwani."